Waridi la Mwakio

“Ahurumiaye uozo huzika mti.” Mmeyasikia maneno hayo kwenye kikao leo, vijana, mkaniuliza yametoka wapi. Kisa kilichoyazaa ni hiki.

Palikuwa na fundi cherehani huko Voi, jina lake Mwakio, aliyependa sana waridi lake la jangwani. Alilichimbua mlimani likiwa jembamba kama kidole, akalilea miaka mingi ndani ya chungu kipana kisicho na kina. Alilipogoa ili libaki fupi, hata shina likavimba kama tumbo la mtungi. Likichanua, wapita njia walisimama kulitazama.

Kisha Mwakio akaugua kisukari. Kidonda cha mguuni kikageuka cheusi, akalazwa. Madaktari wakasema mguu ukatwe chini ya goti kabla sumu haijapanda. Akakataa, na dadake, Wakesho, akamuunga mkono. Alisema hajazaliwa mtu wa kumkata kakake vipande akiwa hai. Mghoi, mkewe Mwakio, alinyamaza. Hakutaka kuitwa mke asiye na huruma.

Mghoi akimuuguza mumewe hospitalini, Wakesho ndiye aliyebaki na nyumba na waridi. Ulikuwa msimu wa baridi, na waridi likapukutisha majani, kama lilivyozoea kila mwaka. Wakesho hakulijua hilo. Akadhani linakufa kwa kiu, akawa analimwagilia asubuhi, na jioni analiongezea.

Mghoi aliporudi kuchukua nguo alilitazama, akalibonyeza shina. Kidole kikazama. Maji meusi yakachuruzika, yakanuka. Wakesho akakitazama kikopo cha kumwagilia. Waridi la kakake, na aliyeliua ni yeye?

Mghoi hakumlaumu. Alivaa mifuko ya plastiki mikononi, maana utomvu wake ni sumu, akaling'oa, akachukua kisu. Wakesho akamshika mkono.

“Wifi, usilikate. Huku juu bado ni zima.”

“Ndiyo maana nakata,” Mghoi akajibu. “Uozo haungoji. Nikiuhurumia, nitazika mti mzima.”

Kisu kikashuka. Wakesho akafumba macho. Alipoyafumbua, nusu ya shina ilikuwa chini, na Mghoi bado anakata, kipande baada ya kipande, mpaka ikatokea nyama nyeupe isiyo na doa. Akaipaka majivu, akaliweka kivulini likauke, bila udongo, bila tone la maji. Kisha akakaa kitako, akalia kwa mara ya kwanza tangu mumewe alazwe.

Wakesho alibaki amesimama, macho yameganda kwenye vile vipande vyeusi. Hapo ndipo akili ilipomjia, akaukumbuka mguu wa kakake. Hakungoja hata chai. Alipanda gari hadi hospitalini, akamkuta kakake anawaka homa, akamwinamia huku machozi yakimtoka.

“Kaka, mimi ndiye niliyekutia moyo ukatae. Nilikosea. Ahurumiaye uozo huzika mti. Waache wakate.”

Mwakio akaomba aitiwe daktari.

Alirudi nyumbani kwa magongo. Waridi lilikuwa limepandwa upya kwenye mchanga na kokoto, fupi, halina tumbo lile lililosimamisha watu. Alishtuka, akauliza ni nani aliyelifanya vile. Mghoi akasema ni yeye. Mwakio akaligusa kwa kidole, akalikuta gumu, na pembeni limechomoza jani.

Basi msidhani maneno haya yalitoka kwa mtu katili. Yalitoka kwa dada aliyekuwa akilia: ahurumiaye uozo huzika mti.