Mwanasiti na Zimwi la Mlimani

Sogeeni, mnitegee masikio! Homa ilimdhoofisha miguu Mwanasiti mfinyanzi, na udongo wake ulikuwa mlimani. Zimwi likamjia mlangoni.

"Panda mgongoni, nikufikishe leo. Malipo ni mikono yako."

"La, babu. Nitatembea mwenyewe."

Siku hiyo akafika banda la kuku, akarudi akitweta. Zimwi likacheka, ila likapungua, likawa kama ng'ombe. Mwezi wa pili akafika kisimani. Zimwi likawa kama mbuzi. Mwezi wa tatu akafika mlimani. Zimwi, sasa dogo kama chura, likakimbilia majanini.

Mwanasiti akachimba udongo huku akilia kwa furaha. Chungu chake cha kwanza kikapasuka motoni. Akakung'uta mikono, akaanza cha pili. Nami nimekunywa uji uliopikwa humo.