Mtani Aliyemliza Mama Chambuso

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama mliolala njaa, lakini haya, leo nawasamehe.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majeshi yao, alikuwepo askari mmoja, Ngiri, jina lake Chambuso. Kila mtu alimpenda. Fisi walipovamia kijiji, Chambuso aliuawa mlangoni mwa shimo walimojificha watoto. Watoto walipona wote.

Mama yake hakula, hakunywa, hakulia. Majirani wakaogopa kwamba atamfuata mwanawe, wakawaita wakubwa waje wamfariji.

Akaja Nyati, mkuu wa jeshi. "Mama, mwanao alikuwa jitu. Ardhi ilitetemeka akipita."

Mama akasema, "Huyo simjui."

Akaja Pundamilia. "Mama, mwanao hakujua woga."

"Huyo simjui."

Akaja Twiga, akainama mpaka shingo ikamuuma. "Mama, mwanao hakuwa na tamaa ya kitu chochote."

"Huyo simjui. Jamani, mnamlilia mtoto wa nani?"

Hapo akaingia Kanga. Kanga na ngiri ni watani, na mtani msibani hana adabu, ndiyo kazi yake. Alikuwa amejifunga kijiti mkiani, kimesimama wima, anakimbia huku na huko uani kama Chambuso. Kisha akapiga magoti mbele ya chungu, maana ngiri hula amepiga magoti. "Mama, kimebaki kidogo?"

Nyati akafoka, "Mtoeni huyu."

Mama akasema, "Mwacheni."

Kanga akaenda shimoni, akaanza kuingia kinyumenyume, akitanguliza matako. "Naogopa giza, mama. Sitaki kuliona." Waombolezaji wakauma midomo wasicheke. "Mwoga huyu," Kanga akaendelea, "siku ile aliwatanguliza watoto wote, halafu akaingia kinyumenyume kama kawaida yake. Uso nje, meno nje. Fisi wakashindwa kupita."

Mama akacheka. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza kutoka hayakukatika. Alilia kwa sauti, kijiji kizima kikalia naye.

"Huyo ndiye," akasema. "Huyo ndiye mwanangu."

Alipotulia akaomba uji. Akanywa, akachungulia chunguni, akawaita watoto wa kijiji. "Njooni. Kimebaki kidogo."

Wakaja mbio, wakapiga magoti kuzunguka chungu, wote, hata vifaranga wa Kanga, ambao kwao hakuna anayekula hivyo.

Hadithi yangu imekomea hapo. Asiyeridhika akamuulize Kanga.