Kibuyu cha Nyemo

Hapo zamani, na msiniulize ni lini maana hata aliyenisimulia hakuwepo, palikuwa na kijiji cha Chilungu, nchi kavu ambako maji hayaonekani mpaka yachimbwe. Mchimba visima huko aliheshimiwa kuliko mwenye ng'ombe. Mama aliyetaka mwanawe ajifunze kazi hiyo alimpeleka kwa mwalimu pamoja na kibuyu kitupu. Mtoto akihitimu, mwalimu alikijaza maji, akamrudisha nacho nyumbani. Mtoto akifa kabla ya hapo, mwalimu alikirudisha kitupu, mchana kweupe, watu wote wakimtazama.

Mama Nyemo alikuwa mjane mwenye watoto wawili, Nyemo na dada yake mdogo, Sechelela. Nyemo akapelekwa kwa Mzee Masima.

Mzee Masima alifundisha kwa kukaririsha. "Kabla hujashuka, teremsha kibatari. Kikizima, usishuke. Sema."

Nyemo akasema.

"Sema tena."

Akasema tena. Siku moja akauliza, "Babu, kwa nini nisishuke?" Akachapwa mgongoni. Mzee hakuwa katili, jamani. Hakulijua jibu, na aliona haya kusema hajui.

Mama alipouona mgongo wa mwanawe, alikichukua kibuyu, akampeleka kwa Mwalimu Chiduo, aliyekuwa amesoma mbali. Chiduo hakuchapa mtu. "Neno usilolijua sababu yake si lako," alisema. "Liulize. Lijaribu." Nyemo akauliza habari ya kibatari. Mwalimu akatabasamu. "Swali zuri. Jibu utalipata mwenyewe." Na jibu alikuwa nalo, kalikalia kama kuku na mayai.

Nyemo akawa hodari wa maswali, ila jembe hajui kulishika. Mama akakichukua kibuyu tena, akampeleka kwa Bi Mahiza, shangazi yake Nyemo, mchimbaji tangu ujana. "Maneno hayatoi maji," alisema Bi Mahiza. "Shuka, uguse." Lakini alimpenda mno mtoto wa kaka yake. Kila kisima alikipima yeye kwanza, kijana akiwa bado amelala, na kibaya alikiacha kimyakimya. Nyemo akashuka visima vingi, wala hakuwahi kuona kibatari kikizima.

Mwaka ule mvua ikagoma. Ng'ombe wakafa, kisha wazee wakaanza kufa. Bi Mahiza naye yuko kitandani na homa. Watu wakamwendea Nyemo afukue kisima cha zamani kilichoachwa na mababu. Akafungua mdomo wa kisima, akateremsha kibatari. Kikazima. Akakiwasha, akakiteremsha tena. Kikazima.

"Kaka, kimezima," alisema Sechelela, aliyeshika kamba pamoja na majirani.

"Nimeona. Sasa nataka kujua kwa nini."

Akashuka. Kamba ikalegea. Walipomvuta juu, kichwa kilikuwa kimelala begani, wakamwita, wakamwita, hakuitika.

Matanga hayajaanuliwa, Bi Mahiza akaja na kibuyu kitupu, anatembea kwa kujikokota. Mzee Masima na Mwalimu Chiduo walikuwa wameketi kwenye mkeka. Akakiweka mapajani mwa mama.

"Nimekirudisha mimi, wifi, kwa kuwa kilikuwa kwangu. Lakini mimi nilimwonyesha mazuri tu, hofu sikumwonyesha. Nipe Sechelela. Huyu nitamwonyesha na yale yanayoua."

Mzee Masima akasema, "Neno ambalo lingemwokoa lilikuwa langu, na mlimfundisha kulidharau. Angelishika, leo angekuwa anakula ugali. Mwanangu, nipe binti. Nitamkaririsha mpaka alitaje usingizini."

Mwalimu Chiduo akainamisha kichwa. Kisha akasema, "Mle chini hutulia hewa mbaya. Moto hauwaki humo, na mtu hapumui. Nililijua hilo tangu siku aliyoniuliza. Nilitaka alivumbue mwenyewe, akili yake ikue. Sasa najua kuna swali la kumwachia mtoto, na kuna swali la kumjibu palepale. Hawa wawili wasingemwambia sababu, maana hawakuijua mpaka leo. Nipe mimi."

Sechelela alikuwa amesimama mlangoni. "Kumbe yalikuwa maneno machache tu," alisema. "Mama, watu wanakufa kwa kiu, na mimi nitachimba. Unipeleke, usinipeleke, nitachimba."

Mama akaingia ndani, akatoka na kibuyu kingine kidogo, cha binti yake. Akakishika na kile cha Nyemo, mkono huu na mkono huu, vyote vitupu. Alilia pale pale, bila kujificha. Walimu watatu wakanyoosha mikono.

Haya, nyie mliotulia kama mmemwagiwa maji, semeni. Mmoja alikuwa na neno bila sababu. Mmoja alikuwa na sababu, akaificha. Mmoja alikuwa na kazi, akaificha hatari yake. Wote watatu walimpenda, na wote watatu wamejifunza, ila wamejifunzia kwa mtoto wa mwenzao. Na wewe uliyeko kule nyuma, unayetaka kusema ampeleke kwa wote watatu, nyamaza kwanza. Nyemo alipita kwa wote watatu.

Je, nani alistahili kupewa Sechelela?