Swali la Fisi Kisimani

Kisa hiki ni cha wanyama watupu, kwa hiyo binadamu akijisikia kuwashwa mahali, ajikune kimya kimya.

Mwaka mmoja mvua ilipita juu ya bonde la Lumbanga bila hata kupiga hodi. Mto ukawa mchanga, na mchanga ukawa kikaango. Wanyama wa bonde lile walikuwa wameokoka wote kwa siku moja, wakawa kanisa moja, na mchungaji wao alikuwa Simba. Ndiyo, Simba. Kondoo walizoea.

Siku ile ya kuokoka walikula kiapo: ndugu hamli ndugu. Aliyekufa kifo cha Mungu, huyo kumla si dhambi, lakini kuua ni mwiko. Tangu hapo Simba akawa anakula panzi nyuma ya kichaka, ili heshima isipungue. Lakini aliyeumia hasa alikuwa Fisi.

Fisi alikuwa karani wa kanisa. Jina lake la ubatizo lilikuwa Dema, na alilichagua mwenyewe baada ya kulikuta katika salamu za Mtume Paulo. Hakuendelea kusoma mpaka pale Dema huyo anapomkimbia Paulo kwa kuupenda ulimwengu. Fisi hakuwa msomaji wa kumaliza. Alichojua kumaliza ni sahani.

Miezi mitatu hajaona nyama, na macho yake yote sasa yalikuwa kwa Bibi Kongoni. Bibi alikuwa mzee, kiu ilikuwa imemlaza chini ya mgunga, na kila asubuhi karani alikwenda kumwombea.

"Bwana asifiwe, Bibi!"

"Amina, baba Dema. Karibu. Lakini leo ukiniombea, fumba macho."

"Huwa nafumba, Bibi yangu."

"Unafumba moja. Hilo jingine linanipima paja."

Fisi akacheka cheko lake lile refu, akameza mate, akaomba Bibi apumzike kwa amani. Bibi akamkumbusha kwamba hajafa bado. "Ni kweli," akasema Fisi, na moyo ukamuuma sana.

Kilichomuuma zaidi ni msaragambo. Kanisa zima lilikuwa limejitolea kuchimba kisima katikati ya mto mkavu. Mama Tembo alivunja mchanga mgumu kwa pembe zake. Mzee Kiboko aliukomba kwa lile domo lake, maana domo la Kiboko ni toroli tosha. Nyani walijipanga mstari wakausomba juu, na Simba alisimama ukingoni akiimbisha nyimbo. Sungura peke yake hakushika kazi. Alikuwa na mgongo, na mgongo wa Sungura huuma palipo na jembe tu.

Siku ya tano shimo lilikuwa limemmeza Mama Tembo mpaka masikio. Nyani wa mwisho akapokea tonge la mchanga, akalibana, akapiga kelele, "Jamani, unyevunyevu!"

Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Fisi naye alipiga makofi, lakini tumboni alikuwa anafanya hesabu za msiba. Siku moja zaidi na maji yatatoka. Maji yakitoka, Bibi Kongoni atakunywa. Akinywa atainuka, na akiinuka, karani atalala njaa tena, pengine mpaka Pasaka.

Akainua mkono kwa unyenyekevu. "Wapendwa, nina kaswali kadogo tu. Maji yakishatoka, ndugu wa kwanza kubatizwa humu, atazamishwa au atanyunyiziwa?"

"Atazamishwa, bila shaka," akasema Mzee Kiboko. "Chini kabisa, mpaka mapovu yatoke. Kwani mtoni watu huenda kufanya nini, kunawa kucha?"

"Atanyunyiziwa," akasema Mama Tembo kutoka shimoni. "Matone matatu ya mkonga yanatosha. Roho haipimwi kwa ndoo."

"Mama, matone matatu hayalowanishi hata kope!"

"Na wewe Mzee, ukizamisha watoto wa Sungura, wangapi watarudi juu?"

Dakika chache tu, hakuna aliyekuwa na habari na mchanga. Walitajana ukoo na harufu. Mama Tembo akapanda kutoka shimoni akitangaza kwamba yeye na wake ni Wanyunyizi. Mzee Kiboko akajibu kwamba yeye na wake ni Wazamishi. Simba akanguruma mpaka majani yakapukutika. "Aibu! Mimi si wa Tembo wala si wa Kiboko. Mimi ni wa Kristo!" Alilisema vizuri, kidevu juu, na nyani wote wakamfuata, na hilo likawa dhehebu la tatu.

Bibi Kongoni aliyasikia hayo kutoka pale alipolala. "Kwani Kristo amekatwa vipande?" akauliza. Lakini sauti yake ilikuwa imekauka, na wenye koo nzima walikuwa wengi.

Kesho yake kila kundi lilikuwa na shimo lake, mbalimbali kabisa, kila moja nyuma ya kona yake ya mto. Kile kisima cha kwanza hakuna aliyekigusa, maana mchanga wake ulikuwa umeshikwa na mikono ya wazushi. Wanyunyizi walikuwa na mvunjaji, hawakuwa na msombaji. Mchanga alioutoa Mama Tembo ulimrudia mgongoni. Wazamishi walikuwa na domo la kukomba, lakini hawakuwa na pembe ya kuvunjia. Wa Kristo walikuwa na waimbaji. Baada ya siku nne bonde lilikuwa na mashimo matatu ya kufika kiunoni, yote makavu kama ahadi ya mlevi.

Fisi ndiye aliyezunguka kote kote kupeleka salamu. Kwa Mama Tembo alisema, "Mimi Mama niko upande wako, ila naona vibaya kukuficha. Mzee Kiboko anasema ubatizo wako ni wa kumwagilia mchicha." Kwa Mzee Kiboko akasema, "Mzee, moyoni mimi ni Mzamishi. Lakini Mama Tembo anasema wewe hubatizi, unaloweka maharage." Kwa Simba akasikitika, "Mchungaji, mimi ni wako. Wale wanasema una manyoya mengi kuliko maneno."

Kisha akarudi kwa Bibi Kongoni, ambaye sasa hakuweza hata kuinua shingo, akapiga magoti karibu kabisa, akavuta pumzi.

Sungura alikuwa ameyaona yote hayo. Kiu ilikuwa imemkausha mpaka masikio yakaanguka. Jioni ile alikwenda kumwinamia Bibi, wakanong'onezana.

"Kwa hiyo nimekufa?" akauliza Bibi.

"Tangu kesho asubuhi, Bibi."

"Afadhali. Marehemu hatembelewi na karani. Nisukume basi nyuma ya hicho kichaka, mjukuu wangu, na mgongo wako usiniambie habari zake."

Kesho yake, jua likiwa utosini na makundi yote matatu yamelala kivulini, Sungura alimwendea Fisi akilia machozi ya kweli. Alikuwa amejitia mchanga machoni.

"Baba Dema, Bibi ametutangulia."

Fisi akaketi chini kwa kishindo. "Ole wetu! Yuko wapi?"

"Usiseme kwa sauti. Aliacha wosia azikwe ndani ya kile kisima cha mwanzo, pale ndugu walipofanya kazi pamoja mara ya mwisho. Alijikokota mwenyewe alfajiri, akajilaza chini, akakata roho. Mimi nikamwangushia mchanga. Mchanga kidogo tu, baba, unajua mgongo wangu. Naogopa mtu asije akamfukua kabla ya ibada."

"Asije mtu!" akasema Fisi. "Nitakwenda kulinda mwenyewe. Wewe pumzika, mwanangu. Pumzika sana."

Alifika kisimani akikimbia. Ukingoni aliona kishungi cha manyoya ya kongoni, akakinusa. Akaruka ndani, akaanza kuchimba.

Alichimba kwa mikono miwili, mchanga ukiruka juu kama nzige. Hakuona kitu. "Sungura mwongo, kamfukia sana," akasema, akazidisha. Alichimba mpaka kucha zikafa ganzi. Alichimba pasipo kuimbishwa na mtu wala kupewa zamu. Kanisa zima halijapata kuona bidii kama ile, na kwa bahati mbaya halikuwepo kuiona. Mara mchanga ukawa baridi, kisha ukawa wa majimaji. "Damu!" akanong'ona Fisi, na ulimi ukamtoka nje. Akatia kichwa chote.

Haikuwa damu.

Maji yalipanda taratibu kwanza, kisha bila adabu. Yalimfika magotini, yakamfika kifuani. Fisi akaparamia ukuta, ukuta ukamporomokea. Akajaribu upande wa pili, nao ukafanya vilevile. Ndipo alipopiga ukelele uliowaamsha waliolala nyuma ya kona zote tatu.

Mama Tembo alitoka kwake, Mzee Kiboko alitoka kwake, na Simba alikuja mwendo wa heshima kisha akasahau heshima akakimbia. Wote watatu wakafika ukingoni pamoja, wakasimama bega kwa bega bila kutazamana. Sungura akaweka kidole mdomoni.

Chini kule Fisi alikuwa na mchanga machoni, haoni hata pua yake. Alisikia mchakacho wa nyayo tu.

"Mama Tembo, ni wewe? Niokoe, Mama! Mimi ni Mnyunyizi tangu tumboni! Yule Kiboko ni mzushi!"

Maji yakamfika mabegani.

"Basi ni Mzee Kiboko! Asante Mungu! Mzee, mimi ni Mzamishi, si unaona nazama? Mama Tembo ndiye aliyetugawa, na yale ya maharage niliyatunga kukutia moyo tu!"

Maji yakamfika kidevuni.

"Mchungaji Simba! Mchungaji mpendwa! Wale wawili achana nao. Mimi ni wako!"

"Tupo hapa," wakajibu watatu kwa sauti moja, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kusema kitu kimoja tangu siku ya lile swali.

Simba akatoa kucha zake, moja moja. Ndipo Bibi Kongoni, harufu ya maji ikiwa imemwinua, alipojitokeza nyuma ya kichaka, akiyumba. Kule chini Fisi, aliyeanza kuona, alimwona marehemu akichungulia, akapiga yowe jingine.

"Mtoeni," akasema Bibi. "Kiapo ni kiapo. Na mwacheni atoke haraka, ananichafulia maji."

Mkonga wa Mama Tembo haukufika. Ikabidi Mzee Kiboko amng'ate Mama mkia na kumshikilia akiinama, nyani wamshike Mzee miguu, na Simba awashike nyani. Hata Sungura alishika kitu, ingawa haijulikani ni nini. Wakavuta mara tatu, na karani akatua ukingoni kama tambara.

Mama Tembo akamtazama alivyojaa matope, akavuta maji mkonga mzima, akampulizia.

"Nimemnyunyizia," akasema.

"Alikwisha kuzama kwanza," akanung'unika Mzee Kiboko.

Wakatazamana. Mzee Kiboko ndiye aliyeanza kutikisika tumbo, na kicheko chake kikamwangusha Mama Tembo kwa magoti. Simba akakohoa, akafungua kinywa. "Mimi kama wa Kristo..."

"Mchungaji," akasema Bibi, "sote ni wa Kristo, na cheo hicho hakina mwenyekiti. Kunywa maji."

Akanywa. Lakini alimpisha Bibi kwanza.

Fisi alivuliwa ukarani, akapewa kazi ya kuzoa mchanga kisimani kila asubuhi, kwa kuwa kipaji chake kilikuwa kimeonekana. Juma la pili, alipokuwa akizoa, alisikia sauti zimepanda. Mama Tembo na Mzee Kiboko walikuwa wamesimama kwenye maji yaleyale, wakizozana mpaka mishipa inawasimama: kuzamisha, kunyunyiza, matone, mapovu. Moyo wa Fisi ukaruka. Akatupa mchanga wake, akamsogelea Mama Tembo.

"Kweli kabisa, Mama. Huyu Kiboko kichwa chake ni maji matupu."

Mabishano yakakatika. Mama Tembo akageuka polepole. "Unamwita nani maji matupu? Ndugu yangu?"

"Si... si mnagombana, Mama?"

"Sisi," akasema Mzee Kiboko, akimsogelea upande wa pili, "tunagombana. Wewe nani kakuita?"

Fisi akaokota mchanga wake. Nyuma yake wakaendelea palepale walipoishia, matone na mapovu, huku mmoja akimmwagia mwenziwe maji mgongoni kwa sababu jua lilikuwa kali.

Wagombanao ndio wapatanao.