Kibanda Kimoja kwa Ajali Isiyotokea

Sogeeni msikie. Mwenye simu aizime, na mwenye jibu alizuie mdomoni hadi mwisho, maana wengi waliolitoa mapema walilazimika kulimeza.

Walikuwapo watu watatu, kila mmoja na karama yake. Sigfrid Mwinuka, dereva, karama yake ilikuwa mguuni: angeweza kusimamisha gari la tani tisa na chai isimwagike kikombeni. Leokadia Kyando, mpishi wa gari hilohilo, karama yake ilikuwa jichoni: ukimwonyesha fungu la mchicha alikuambia limechumwa saa ngapi, na wauza mboga wa Iringa walimwogopa kuliko bwana afya. Wa tatu, Mama Twilumba, muuza vitunguu wa kona ya Kihanzi, alikuwa na karama ya kuwapunguzia mwendo watu wenye haraka. Namna alivyowapunguzia tutaifikia, na ndiyo iliyoleta maneno.

Gari lenyewe halikuwa gari la kawaida. Lilikuwa gari-nyumba, ukubwa wa basi, lenye vitanda vinne, bafu, na jiko la gesi, la kuwapeleka watalii mbugani. Kutoka pua hadi mkia, mita kumi na moja. Mwinuka alikuwa na sheria zake humo ndani. Gari likitembea, jiko linazimwa na mpishi anakuja kukaa mbele kushoto, na kazi yake ni kuangalia upande wa kushoto na kusema anachokiona. Dereva hajibizani, anasikiliza. Leokadia aliitii sheria hiyo kwa miaka miwili, ingawa hakuipenda, kama alivyoitii sheria ya kupika ugali ndani ya chumba kilichoegeshwa popote, hata mteremkoni. Alama za maji ya moto mikononi mwake zilikuwa kumi na moja. Alichokitaka duniani ni kimoja tu: jiko lililosimama.

Sasa siku hiyo, saa nne asubuhi, gari-nyumba lilikuwa likishuka kuelekea kona ya Kihanzi. Ng'ambo ya kona, mahali dereva hawezi kupaona mpaka afike, lori la saruji lilikuwa limekatika ekseli na kulala katikati ya njia yake. Nyuma ya gari-nyumba walikaa watalii wanne wakila ndizi. Upande wa pili, basi la abiria lilikuwa likipanda.

Mama Twilumba alikuwa amekata matawi mabichi akayapanga barabarani, hatua themanini kabla ya kona, tawi moja moja kama mtu anayepanda miche. Akiona matawi barabarani, kila dereva anajua: mbele kuna gari limekwama. Pasipo matawi hayo, hakuna ambaye angejua lolote.

Leokadia aliyaona. Lakini kuyaona matawi si kitu. Nchi nzima imejaa matawi yaliyosahauliwa, magari yaliyokwama yakaondoka, matawi yakabaki yakikauka, mpaka madereva wakaacha kuyaamini. Yeye aliona jambo jingine. "Baba Mwinuka," alisema, "majani hayajanyauka. Utomvu bado unatoka. Ni ya leo." Pasipo neno hilo, matawi yangekuwa takataka tu.

Mwinuka hakuuliza. Hakukanyaga breki kwa nguvu, maana nyuma kulikuwa na mitungi ya gesi na watu wasiojua kushikilia. Alishusha gia, akakanyaga kidogo, akaachia, akakanyaga tena. Alipoingia kona na kuliona lori, mtu mwingine angekata usukani kulia. Kulia kulikuwa na basi. Tena Mwinuka alijua kwamba gari refu likigeuka, mkia wake unapita njia yake wenyewe: pua ingekwenda kulia, mkia ungefagia kushoto, na kushoto alikaa Mama Twilumba na vitunguu vyake. Alinyoosha usukani akaendelea kukanyaga. Gari-nyumba lilisimama, na kati yake na lori pakabaki nafasi ya kupita mbuzi mmoja, tena mwembamba. Pasipo mguu huo, matawi na macho vingeandikwa kwenye taarifa ya polisi.

Hakuna aliyekufa. Matatizo ndiyo yakaanzia hapo.

Ilikuwa wiki ya usalama barabarani, na kamati ya wilaya ilikuwa imejenga kituo cha kupumzikia magari makubwa, chenye vibanda tisa vya biashara, maji na umeme ndani. Vibanda vinane vilikuwa vimeshagawiwa kwa utaratibu, na wananchi walikuwa wamekatazwa kuuliza utaratibu upi. Cha tisa mwenyekiti alikitangaza kwa kipaza sauti kuwa zawadi ya "mwananchi aliyezuia ajali". Mwananchi mmoja. Trafiki aliyekuja kulipima lori alikuwa ameandika majina matatu.

Wakaitwa wote watatu mbele ya katibu wa kamati, Bwana Mpogole, mtu mwenye kalamu nne mfukoni na wino katika moja. Fomu aliyokuwa nayo ilikuwa ya ajali. Waliokufa: hapana. Waliojeruhiwa: hapana. Mali iliyoharibika: hapana. Aliitazama fomu yake kwa wasiwasi.

"Sasa mlizuia nini?" aliuliza.

"Hivyo vyote ulivyoviandikia hapana," alisema Leokadia.

Mpogole hakuridhika. Kitu kisichotokea hakina ushahidi, na kisicho na ushahidi kina njama. Akamgeukia Mama Twilumba.

"Mama, matawi uliyaweka saa ngapi?"

"Asubuhi, baba."

"Na lori liliharibika saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Kipi kilitangulia?"

"Mimi nauza vitunguu. Siuzi saa."

Mwinuka alikohoa. "Muulizeni na jana aliyaweka kwa ajili ya lori gani. Na juzi. Kabla ya leo nimepita Kihanzi mara nne mwezi huu, na mara zote nimekuta matawi bila lori."

Leokadia alimtazama mama yule na mambo yakamkaa sawa kichwani. Gari likipunguza mwendo kwa hofu, dereva anatazama huku na huku, na anachokiona ni vitunguu. Mama Twilumba alikuwa akiyaweka matawi kila siku.

"Ya jana yalikuwa ya biashara," alisema Mama Twilumba bila kuona haya. "Ya leo yalikuwa ya lori. Niliongeza sita. Na wewe kaka, kwa kuwa unapenda kuhesabu, kwa nini ulikuwa unakuja mwendo wa bibi harusi? Magari makubwa yote yanashuka pale kama yanafukuzwa. Nilimwona dereva aliyepishana nawe akikuwashia taa. Ulidhani kuna trafiki na tochi ya kupimia mwendo."

Mwinuka alivuta kiti chake nyuma kidogo.

"Ulipunguza kwa ajili ya tochi?" aliuliza Mpogole, na kwa mara ya kwanza akaandika kitu.

"Nilipunguza. Breki haiulizi sababu."

"Lakini tochi haikuwapo."

"Hata lori halikuwapo, mpaka likawapo." Akageuka kitini. "Na kama tunapekuana, tupekuane wote. Huyu dada Leokadia hakuwa anaangalia barabara. Vitunguu vilituishia tangu juzi. Alikuwa ametoa shingo dirishani kutafuta vitunguu."

Ilikuwa kweli. Leokadia alihisi masikio yakipata moto. Miaka miwili amekaa kiti kile akitaja ng'ombe, matuta na wapanda baiskeli, na siku moja ile aliyoangalia kwa haja zake ndiyo iliyowaokoa.

"Macho yalikuwa wazi," alisema. "Yalichokuwa yanatafuta ni shauri la jikoni kwangu. Baba Mwinuka, wewe mwenyewe uliona matawi?"

"Nilikusikia wewe."

"Sijakuuliza ulichosikia."

Mwinuka akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokwishafungwa. Mama Twilumba akacheka kidogo puani.

"Wewe mama usicheke," Leokadia alimwambia. "Ungeacha kudanganya watu kila siku, hata kipofu angeyaamini matawi yako."

"Na ningeacha, mwanangu, nani angekuwa na panga mkononi saa ile? Utingo wa lori alikuwa amelala. Lile panga nalichukua kila asubuhi kwa uongo. Leo nikalitumia kwa kweli. Sasa unanidai nini?"

Leokadia alimchukia mama yule kwa muda wa kama pumzi mbili, kisha akakumbuka kwamba kile anachokiita kibanda ni mwavuli na jiwe, na watu wa barabara walikwishapiga alama ya X nyekundu, ya kubomolewa, hadi kwenye jiwe. Akamtazama Mwinuka. Anastaafu Desemba, na mkewe anakaanga maandazi nje ya nyumba ya kupanga. Akatazama mikono yake mwenyewe.

Bwana Mpogole alishachoka. Kazi ya kufikiri haikuwa kwenye barua yake ya ajira. Akawatoa nje wanywe maji, kisha akawaita tena.

"Basi amueni wenyewe," alisema, akawagawia vipande vitatu vya karatasi. "Kila mmoja aandike jina moja, si lake. Jina likiandikwa mara mbili, kibanda ni chake. Kila mmoja akipata moja moja, nitachukulia kuwa hamkukubaliana, na kibanda kinarudi kwa kamati."

"Na kamati itakifanyia nini?" Leokadia aliuliza.

"Kamati itaona."

Mlangoni alisimama shemeji yake Mpogole, ambaye kwa bahati tu alikuwa amekuja na kikaangio cha chipsi kipya, bado kimefungwa kwenye boksi.

Mama Twilumba aliandika haraka, akakunja. Mwinuka aliandika polepole, akakunja. Hawakutazamana, na Leokadia hakujua kama watu wasiotazamana hivyo ni maadui au wamekwishapatana kule nje kwenye bomba la maji, alikowakuta wamesimama karibukaribu mno kwa watu waliotoka kutukanana. Huenda kila mmoja ameandika jina la Leokadia. Huenda hakuna aliyeliandika. Akiandika jina la mtu anayestahili zaidi, anaweza kumkabidhi jiko ambalo yeye ameliota miaka miwili. Akiandika kwa hila ili wenzake wasifikishe majina mawili, anaweza kumkabidhi shemeji.

Mpogole akamsukumia kalamu, ile yenye wino.

Mmoja aliweka matawi, ingawa kwa mazoea ya ulaghai. Mmoja alijua kuwa ni mabichi, ingawa alikuwa akitafuta vitunguu. Mmoja alisimamisha gari bila kumgusa mtu, ingawa aliogopa tochi isiyokuwapo. Ukimwondoa yeyote kati yao, lori, basi na gari-nyumba vinakutana. Leokadia hawezi kujiandika, lakini wewe unaweza kumwandika.

Haya, fungueni midomo sasa. Je, kibanda ni cha nani? Na wewe ungekuwa Leokadia, na karatasi mbili zimeshakunjwa mezani, ungeandika jina gani?