Njia Safi ya Sange

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zenye vizingiti na kesi zenye mashahidi, kulifanyika mashindano ambayo mpaka leo yana ubishi. Basi tuanze na yale ambayo mashahidi wote, waliofurahi na waliochukia, walikubaliana.

Walikubaliana kwamba mbio zilikuwa tatu. Katika kila mbio, mshindani alipewa ramani iliyochorwa kwenye jani la mgomba, ikionyesha vituo sita vilivyofichwa msituni. Kila kituo kilikuwa na chungu cha udongo wa rangi yake, na mshindani alijipaka doa usoni kabla ya kuendelea. Wa kwanza kurudi kisimani na madoa sita ndiye mshindi. Na mshindi wa jumla angekuwa wa kwanza kunywa maji kiangazi chote, yeye na atakaowachagua.

Hakuna aliyeitaka haki hiyo kama Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu na miguu isiyotulia. Kiangazi kilichotangulia, Nyati na Ngiri walipomaliza kunywa, kisimani lilibaki tope. Mama yake Sange, mzee wa miguu mibovu, alililamba tope lile, akanyamaza. Kimya kile ndicho kilichomwingiza Sange mashindanoni.

Lakini wakubwa walikuwa na ujanja wao. Ramani hawakuisoma, walimfuata Sange tu, kituo kwa kituo, na walipokiona kisima walimpita, vuu! Hivyo Nyati alishinda mbio ya kwanza, Ngiri akashinda ya pili, Sange akawa wa pili mara zote mbili, na kwa hesabu ya alama wote watatu wakawa sawa. Aliyekuwa mkiani ni Nungunungu, na sababu yake inajulikana: katika mbio ya pili, baada ya kituo cha sita, Sange alitumbukia shimoni, chubwi! Nungunungu, aliyekuwa mbele, alirudi.

"Shika mwiba wangu, dada," alisema. "Taratibu, usijichome."

"Kaka, Ngiri anakupita!"

"Mwache apite. Kisima hakihami. Na jani lako hili hapa, lisilowe."

Sange hakulisahau neno lile, kwamba kisima hakihami. Mwiba ule, uliobaki mkononi mwake, aliuchomeka juu ya mlango wake, na kila alipotoka aliutazama.

Asubuhi ya mbio ya mwisho, kabla ya umande kukauka, Sange alitoka kufagia. Ngiri alidai baadaye kwamba alifagia kwa hila. Jirani zake walieleza kwamba ukoo wa Sange hufagia njia zao kila asubuhi, jani kwa jani, tangu enzi za mababu. Madai yote mawili ni kweli. Alifagia kama kawaida yake; ila siku hiyo alifagia njia mpya, safi kama kibao cha mkate, ikitoka kisimani na kuzunguka kichuguu kikubwa, kisha kujirudia yenyewe.

Mzee Kobe, mwamuzi, aligawa majani. "Kila mtu asome lake," alisema. "Hiyo ndiyo sheria, na nyingine sina. Haya!"

Sange akachomoka, puruu! Akaingia njia safi. Nyati na Ngiri nyuma yake, kishindo juu ya kishindo. Penye kona ya kwanza Sange akaruka pembeni, akazama kwenye majani makavu, akatulia tuli. Wakubwa wakapita.

Basi akalikunjua jani lake, akalisoma, akaondoka polepole, chakacha, chakacha, mahali ambapo hakuna aliyefagia. Miiba ilimchuna, lakini kwenye kila chungu alijipaka doa, akasema, "Asante, kaka," kana kwamba Nungunungu yuko karibu.

Kule kwenye njia safi, Ngiri alikuwa na wasiwasi.

"Mjomba, kichuguu hiki si tulikipita?"

"Vichuguu vyote ni ndugu. Songa!"

Wakazunguka tena.

"Mjomba, hapa pana nyayo za kwato. Kubwa kama zako!"

"Kumbe kuna mwingine katutangulia! Ongeza mwendo!"

Wakaongeza.

Jua lilipofika utosini, Sange alitokea kisimani na madoa sita kwenye pua yake ndefu. Baadaye kidogo akaja Nungunungu, naye ana sita. Nyati na Ngiri waliletwa na kiu, ulimi nje, nyuso hazina hata doa.

"Ametudanganya!" Nyati alinguruma.

"Alikwambia nini?" akauliza Kobe.

"Hakusema kitu. Lakini njia ile..."

"Njia ilisema inakwenda vituoni?"

"Njia haisemi, mzee!"

"Ramani yako iko wapi?"

Ngiri akakohoa.

"Tumeila," alisema Ngiri. "Jani bichi la mgomba, mzee, na sisi tulikuwa hatujafungua kinywa!"

"Na za mbio mbili za kwanza?"

"Nazo."

Kobe akamgeukia Nungunungu. "Wewe uliiona njia safi?"

"Niliiona, nikaipenda. Lakini jani langu lilisema kulia, nikaenda kulia."

Kobe alivuta shingo ndani, akafikiri kwa muda wake, akaitoa. "Sange ameshinda."

Sange akamwinamia Nyati, bila kejeli. "Nakushukuru, mjomba. Usingenifuata, nisingejua kwamba naweza kukimbia pasipofagiliwa."

Kisha akamleta mama yake, hatua kwa hatua, mpaka ukingoni. Mama akainama, halafu akasita. "Mwanangu, yule mwenye mwiba yuko wapi?"

"Nipo, mama," alijibu Nungunungu.

"Tangulia wewe. Usingerudi shimoni, leo nisingekuwa na mtoto wala maji."

Nungunungu akanywa. Mama akanywa, maji matupu, yasiyo na tope. Sange akanywa wa tatu. Kisha akasogea, akawaachia Nyati na Ngiri nafasi, kwa kuwa kisima kilikuwa bado kimejaa.

Funzo ni moja: aliyekula ramani yake asimlaumu mwenye njia.

Wapo wanaosema kufagia vile kulikuwa uongo usio na maneno, na hoja yao si nyepesi. Ushahidi wote nimeuweka mbele yenu, wanangu, wa Nyati na wa Sange. Nyinyi mnahukumu vipi?