Mgonjwa wa Mchezo

Wapendwa, kulikuwa na binti mmoja mwanafunzi wa uuguzi, mpole, asiye na makuu. Chuoni kwao walijifunza kwa mchezo. Mmoja alilala kitandani akawa mgonjwa, mkononi ana kadi yenye dalili za ugonjwa wake. Wenzake walimuuliza maswali. Kila swali zuri lilikuwa na pointi, na kundi lililoutambua ugonjwa kwanza ndilo lililoshinda. Darasa likichangamka hivyo, nani atasinzia?

Binti huyu alikuwa ametoka kumzika mama yake. Aliporudi bwenini, wenzake walimuuliza, "Umerudi?" Akajibu, "Nimerudi." Mazungumzo yakaishia hapo. Hakujua amwanzie nani.

Siku hiyo zamu ya kulala kitandani ilikuwa yake. Akaisoma kadi: sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoondoka. Moyo ukampiga paa! Akaigeuza kadi, akailaza kifuani, akasema moyoni: leo wataniuliza, nami nitawaambia.

"Unalala vizuri, dada?" akaanza kijana mmoja.

"Silali. Nikifumba macho namwona mama."

"Mama yuko wapi?"

"Tumemzika. Nilifika amekwisha kufariki."

Kalamu zikakimbia. Wakanong'onezana, "Andika, andika!"

"Una mtu wa kuongea naye?"

Machozi yakaanza kumtoka. "Sina. Nalala chumba kimoja na watu watatu, na sina."

"Sonona!" akapiga kelele yule kijana. Darasa zima likalipuka kwa makofi. Mwalimu akawapa pointi zote. Msichana mmoja, tena wa chumba chake, akamwinamia akicheka: "Wewe kiboko! Hata machozi unayaweza?"

Ikawa saa ya chakula, wakatoka wakishangilia. Yeye akabaki. Utaratibu wao ulikuwa kwamba aliyekuwa mgonjwa ndiye atandike kitanda. Akajifuta uso kwa kiganja, akatandika, akalinyoosha shuka mpaka likatulia.

Naona mnaningojea niseme nani alirudi kumfuata. Hakurudi mtu.

Sasa niambieni, wale vijana walikosea swali gani? Hakuna! Waliuliza yote yanayopaswa kuulizwa. Waliambiwa ukweli mtupu, wakauandika, wakaushangilia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ni kweli, lakini hawa walitajiwa hata kunguni wenyewe!

Tusiwacheke. Na sisi tuna mchezo wetu. Mtu anasimama hapa kutoa ushuhuda, sauti inamkatika, analia. Sisi tunafanyaje? Makofi! Vigelegele! Tunasema, "Leo ibada ilikuwa na moto." Kisha tunatoka kwenda kunywa chai, na yeye anabaki anatafuta leso kwenye mkoba. Tumemsikia vizuri sana, wapendwa. Ila hatukumwamini kwamba anaumwa kweli.

Asubuhi hii, kabla sijapanda hapa, kuna mama alisimama benchi la nyuma. Akasema nyumba yake imekuwa kimya mno, tumwombee. Tukaitikia "Amina" mpaka bati likatetemeka.

Anaitwa nani?

Hapana, msiinamishe vichwa. Nimeuliza, na nitangoja. Yule mama anaitwa nani?